Mtungi Usio na Mdomo

Wiki iliyopita walikuja watu kuchimba barabara mbele ya nyumba yetu hapa Ghubra, Maskati, wakitafuta bomba linalovuja. Nilikuwa napiga pasi dishdasha za watoto, dirisha liko wazi kidogo, mara harufu ya udongo uliolowa ikaingia chumbani. Haikuwa harufu ya mvua. Mvua tunaijua, ijapokuwa hututembelea kwa nadra. Hii ilikuwa nzito, harufu ya udongo wa chini ambao haujaona jua siku nyingi, ule unaonata kwenye kucha na kukataa kutoka. Nikasimama na pasi mkononi mpaka mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Lakini kwa muda ule sikuwa mama wa mtu. Nilikuwa na miaka tisa, nimechuchumaa kwenye ua wa jirani yetu Bi Sachi, matope yamenikaukia magotini, naangalia mikono yake.

Bi Sachi alifariki miaka michache iliyopita, kwao Japani. Habari niliisoma kwenye simu nikingoja zamu yangu kwa daktari wa meno. Kulikuwa na picha yake ya uzeeni, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama zamani, na chini yake maneno mengi ya kumsifu: kwamba alikuwa miongoni mwa wafinyanzi walioupindua ufinyanzi wa nchi yake, kwamba mitungi yake imo kwenye makumbusho ya miji mikubwa, kwamba kazi zake za udongo mwekundu ndizo zilizomjengea jina. Maskati ilipewa mstari mmoja tu, kwamba aliwahi kuishi huko na mumewe. Niliusoma mstari ule mara nyingi. Ndani yake tulikuwamo mimi, bibi yangu, na Dada Neema.

Bibi, mzaa baba, alizaliwa Wete, Pemba, na alikuja Maskati akiwa mtu mzima, na watoto wake nyuma yake. Baba alikuwa wizarani, mama alikuwa mwalimu, na mimi kitinda mimba nilikuwa nikirudi shule na kumkuta Bibi peke yake, ameketi jikoni na redio yake. Nyumbani tulisema Kiswahili, na tukikasirika tulihamia Kiarabu. Kiingereza kilikuwa changu mimi, cha shule, nikikivaa kama viatu vipya. Bibi hakukijua hata kidogo. Kiarabu chake mwenyewe kilikuwa cha kununulia vitambaa sokoni Matrah, na akitoka nje ya vitambaa kilimwishia.

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa tupu muda mrefu. Kisha wakahamia Mjapani na mkewe. Mume alikuwa mhandisi kwenye mtambo wa kusafishia maji ya bahari, ule ambao mabomba yake ya moshi tulikuwa tukiyaona kutoka paani. Mke alikuwa mwembamba, hakuvaa vipuli wala bangili, na kila siku alikuwa na suruali moja ya kiume yenye mifuko mikubwa. Kazi za nyumba walimwajiri Dada Neema, msichana wa Korogwe aliyeletwa na maktab, zile ofisi zinazoleta wafanyakazi kutoka nje. Siku ya kwanza tu alichungulia juu ya ukuta akasikia Bibi anasema Kiswahili, akapiga kelele ya furaha. "Shikamoo, Bibi! Jamani, nilidhani nitakufa na lugha yangu mdomoni!" Tangu siku hiyo haikupita siku bila yeye kuja kwenye mlango wetu wa jikoni.

Halafu ikaja pikapu imejaa udongo kutoka Bahla, mji wa wafinyanzi huko bara. Wiki ya pili yake wakaja mafundi wa karakana za Wadi Kabir, wamebeba sanduku kubwa la chuma walilolichomelea wenyewe, wakalipanga matofali meupe kwa ndani na kuliunganisha na mitungi ya gesi. Mtaa mzima ukakubaliana kwamba Mjapani anafungua duka la mikate. Mimi darasani niliitangaza habari hiyo kama yangu. Nikaahidi keki. Alasiri moja, nilipoona geti liko wazi, nikachukua sahani nikaenda.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, anaviringisha kamba nene za udongo na kuzipanga moja juu ya moja. Nikamuuliza kwa Kiingereza, mkate uko wapi? Hakuelewa. Nikamwonyesha sahani, nikamwonyesha tanuri. Alipoelewa alicheka mpaka akalazimika kujifuta machozi kwa bega, maana mikono haikufaa. Kisha akamega tonge la udongo, akaliweka kwenye sahani yangu kwa heshima zote. Nikabaki palepale mpaka adhana ya magharibi.

Nikawa naenda karibu kila siku. Kiingereza chake hakikuwa kikubwa kuliko changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilipenda kumwona akijenga. Alianza na kitako, kisha tumbo likatoka taratibu, kisha mabega, na kila kamba ya udongo aliikandika kwa kidole gumba mpaka usijue ilianzia wapi. Lakini kila ulipofika wakati wa shingo, pale ambapo mtungi wowote niliouona maishani mwangu huanza kufungua mdomo, Bi Sachi aliubana. Aliubana, akaubana tena, akauziba kabisa, akapapasa juu mpaka pakawa laini kama kichwa cha mtoto mchanga. Ulipokauka aliuweka pembeni na kuanza mwingine. Wa pili ukawa vilevile. Wa tatu vilevile. Nilikuwa nikizuia pumzi nikimwombea kimoyomoyo kwamba safari hii atakumbuka. Nikaamua kuwa aliyemfundisha hakumalizia somo.

Nikampelekea Bibi habari. "Bibi, mitungi yake haina midomo. Hajui."

"Haina midomo vipi?"

"Imezibwa. Hata maji hayaingii."

Bibi alikulia miguuni pa shangazi yake aliyekuwa mfinyanzi huko Wete, na mambo ya vyungu hakuyachukulia mzaha. Akajitanda, akafuatana nami. Bi Sachi alisimama kumpokea. Bibi aliuinua mtungi mmoja uliokwisha kuchomwa, akaupima uzito, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ukalia vizuri. Akaugonga mwingine. Akaizunguka yote, mmoja mmoja, akisimama kwenye kila mmoja kama mtu anayesalimia wafiwa, na mwisho akamtazama Bi Sachi usoni kwa muda mrefu.

"Huyu mtu ana uchungu," akasema. "Mwambie, mwanangu. Mwambie nimeona, ana uchungu mwingi."

Sasa hapa sharti nieleze akili yangu ya wakati ule. Neno hilo nilikuwa nimelisikia, lakini hakuna aliyewahi kunifasiria, na mimi nilikuwa nimejifasiria mwenyewe. Mtoto ana utoto, mzee ana uzee, fundi ana ufundi. Basi mwenye vyungu, nikaona, ana uchungu. Nikamgeukia Bi Sachi kwa fahari, nikamwambia kwamba bibi yangu anasema wewe ni mfinyanzi wa kweli, ufinyanzi umekujaa tele.

Bi Sachi aliacha alichokuwa akikifanya. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaweka kiganja kifuani, akainama mbele ya Bibi, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Umeona?" Bibi akaninong'oneza. "Nimemgusa palepale."

Ndivyo walivyoanza urafiki wao. Bibi alimpelekea vitumbua, Bi Sachi alimletea wali alioufinya kwa mkono na kuufunga kwa majani meusi ya baharini, ambao Bibi aliushukuru sana na kumpa paka. Mimi nilikaa katikati, nikipeleka maneno huku na kuyarudisha kule, na nilijiona mtu mkubwa.

Ni katika kukaa kule nilipoyajua maisha yake, mengine kwa maneno na mengine kwa michoro aliyochora juu ya udongo kwa kijiti. Baba yake alikuwa mfinyanzi, na babu yake, na waliomtangulia babu. Kazi yao ilikuwa moja tu, mabakuli ya kunywea chai, ambayo watu wa kwao huyashika kwa mikono miwili na kuyageuza kabla ya kunywa. Yeye alifundishwa tangu udogo. Alipokuwa msichana akaingia kwenye kundi la vijana wa mjini waliokuwa wakiulizana mbona udongo kila siku uwe mtumishi wa chakula na chai, mbona usiachwe uwe wenyewe. Akafinyanga mtungi, akauziba. Walipofanya maonyesho yao wapo waliocheka, na wapo walioandika magazetini kwamba watoto hawa wameua ufinyanzi. Baba yake akaja siku ya mwisho. Akausimamia ule mtungi wa binti yake, akauliza jambo moja.

"Maji yanaingilia wapi?"

"Hayaingii," binti akajibu.

Mzee akavaa kofia yake akatoka. Hakusema naye tena. Jina la binti likakua, kazi zake zikasafirishwa nchi za mbali, na mzee hakusema naye. Akaolewa, akafuatana na mumewe kwenye nchi za joto, na mikono yake ikakaa miaka bila udongo. Mpaka siku moja alipokwenda Matrah kununua samaki, akaona mitungi ya Bahla ya kupozea maji imening'inizwa mbele ya duka, akaweka kiganja juu ya mmoja. Alisema hakukumbuka tena samaki. Kesho yake aliagiza pikapu.

Na sasa mji wake ulikuwa umemwalika kwenye maonyesho makubwa, na dada yake alikuwa amemwandikia kwamba baba yao, ambaye amezeeka sasa, amesema labda ataenda kutazama. Bi Sachi alilirudia neno hilo kwa Kiarabu ili nilielewe vizuri. "Yimkin," alisema, akanionyesha nafasi ndogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa ajili ya labda hiyo alikuwa akijenga mtungi mkubwa kuliko yote, ulionifika kifuani. Ulimchukua wiki tano. Nilikuwapo siku alipouziba.

Sikulala vizuri usiku ule. Baba yake alimkasirikia kwa sababu mtungi haukuwa na mdomo, miaka yote hiyo imepita, mzee karibu anakuja kutazama, na Bi Sachi bado hajajifunza. Niliona kama naangalia mtu anatembea kuelekea shimoni na hakuna anayemwita.

Kesho yake nikarudi shule mchana. Geti lilikuwa wazi. Bi Sachi na mumewe walikuwa na desturi kama yetu, baada ya chakula yeye hulala kidogo na mume hurudi kazini. Dada Neema alikuwa paani anaanika nguo, nilimsikia akiimba. Nikaingia jikoni kwao, nikachukua kijiko kwenye sinia ya vyombo. Nikaondoa kitambaa kibichi kilichoufunika mtungi, udongo ulikuwa umeshika lakini bado una ubichi. Nikapanda kwenye kigoda. Nikakata duara juu yake, upana wa kisahani cha kikombe, taratibu, na ukingo wake nikaulainisha kwa kidole kilicholowa kama nilivyokuwa nimemwona akifanya. Ulitoka mdomo mzuri. Nikaufunika tena, nikaosha kijiko, nikarudi nyumbani na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Nikakaa dirishani nikingoja kuitwa.

Sikuitwa. Siku iliyofuata geti lilikuwa limefungwa. Siku ya tatu nikamsikia mama akimwambia baba kwamba kwa Wajapani kuna kitu kimeharibiwa, kitu cha thamani, na Bi Sachi hali wala hasemi. Kuharibiwa? Nikataka kusema kwamba hakikuharibiwa, kilitengenezwa. Lakini namna mama alivyolitamka lile neno ilinifunga kinywa, nikanyamaza siku ile nzima, na hilo ndilo kosa ninalolijua kuwa kosa mpaka leo.

Alasiri ya siku ya nne Dada Neema alikuja kwenye mlango wetu wa jikoni, kitenge amejifunika kichwani, akakaa kwenye ngazi. Bibi alikuwa anapepeta mchele, mimi nimejikunyata karibu na friji.

"Bibi, mimi sijagusa. Naapa kwa jina la Mungu, sijagusa."

"Taratibu. Nini hujagusa?"

"Mtungi wa Bi Sachi ule mkubwa. Mtu ameutoboa. Mumewe ameuliza, nani alikuwa ndani? Nilikuwa mimi na mama peke yetu, na mama alikuwa amelala. Na mwezi uliopita nilivunja kile kidogo nikifagia, kwa hiyo nani ataniamini? Jumamosi narudishwa maktab. Kutoka pale sijui nitapelekwa nyumba gani, kwa watu gani."

"Umewaeleza?"

"Niwaeleze kwa lugha gani, Bibi? Kiingereza changu mimi ni cha kujibu kama chai iko tayari."

Bibi akaweka ungo chini. "Usiwachukie. Watu wameumia."

"Hasira sina," Neema akasema, na uso wake ukakunjamana. "Nina uchungu tu. Mwaka mzima nimemfulia, nimempikia, nikiamka namtazama usoni nijue ameamkaje. Nina uchungu, Bibi."

Bibi alimshika bega, akamnywesha maji, akamwambia arudi wasije wakamtafuta. Alipoondoka mimi nikabaki na swali, maana jambo moja halikuniingia.

"Bibi, kwani Dada Neema naye anafinyanga?"

"Anafinyanga nini?"

"Kasema ana uchungu."

Bibi akanitazama kama mtu aliyesikia mlio mbaya kwenye chungu. "Uchungu, mwanangu, ni moyo kuuma. Kitu kinakuuma ndani na huna pa kukitoa."

"Na Bi Sachi?"

"Ndivyo nilivyosema siku ile. Kwani wewe ulimwambia nini?"

Nilianza kulia. Nilimwona Neema kwenye ngazi, nikamwona Bi Sachi ameweka kiganja kifuani, na yote yakanijia kwa pamoja.

"Ni mimi, Bibi. Mimi nilimtilia mdomo."

"Ulimtilia nani mdomo?"

"Mtungi. Ili baba yake aseme naye."

Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi kunipiga. Akainuka, akachukua abaya yake nyuma ya mlango.

"Vaa viatu," akasema.

Mume ndiye aliyetufungulia. Bi Sachi alikuwa sebuleni, ameketi tu, mikono yake misafi kabisa, na usafi ule ndio ulionitisha kuliko kitu chochote. Bibi hakukaa alipokaribishwa.

"Mwambie."

"Nimwambie nini, Bibi?"

"Kama ulivyoniambia mie. Usipunguze, usiongeze."

Nikasema. Nilisema huku nikitazama zulia, kijiko, kigoda, duara, yote. Kisha Bi Sachi akauliza kwa sauti ndogo, kwa nini? Nikamwambia kwamba baba yako aliuliza maji yanaingilia wapi, nami nikaona akija akute pa kuingilia. Alifunika mdomo kwa mkono. Mumewe akasema maneno marefu ya kwao, na yeye akajibu neno moja, akainuka akaelekea jikoni. Tukamfuata.

Dada Neema alikuwa anakata vitunguu. Bi Sachi alipiga magoti mbele yake, akaweka viganja sakafuni, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia vigae. Neema aliangusha kisu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga jiko.

"Jamani! Amepatwa na nini huyu? Anaumwa?"

"Anakuomba msamaha, Dada Neema," nikasema. "Ni mimi niliyetoboa. Wamejua."

Neema alinitazama, akamtazama yule mwanamke miguuni pake.

"Mwambie ainuke," akasema. "Mwambie ainuke, sakafu nimetoka kuipiga deki, ina maji."

Nikamfasiria. Bi Sachi hakuinuka. Basi Neema ndiye aliyeshuka, akakaa palepale kwenye maji, na wote wawili wakalia, na Bibi akazima moto uliokuwa ukiunguza sufuria.

Watu nikiwahadithia habari hii hutaka nimalizie hapo, kwamba nilisamehewa na mtungi ukapendeza zaidi kwa mdomo wangu. Haikuwa hivyo. Bi Sachi alinichukua uani, akaulaza mtungi, akanielekeza kidole changu chini ya kitako chake. Palikuwa na kitundu, chembamba kama cha sindano, cha kutolea hewa ili usipasuke motoni. "Mdomo ulikuwepo," aliniambia. Kisha akachukua uzi wa waya, akaukata mtungi ule vipande vipande mbele ya macho yangu, akavitumbukiza kwenye pipa la maji, na wiki tano zake zikarudi kuwa tope. Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo sikukaribishwa tena uani. Dada Neema aliingia, Bibi aliingia. Mimi nilisalimiwa mlangoni kwa upole na mlango ukarudishwa.

Muda haukutosha kujenga mwingine. Kwenye maonyesho ilikwenda mitungi mitano midogo. Baada ya miezi kadhaa Bi Sachi akaja kwetu na barua ya dada yake, akataka Bibi aisikie. Alikuwa akisoma sentensi moja kimoyomoyo, ananiambia kwa Kiingereza, nami nampa Bibi. Mzee alikwenda, ameshikwa mkono. Alipita kazi za watu wote bila kusimama mpaka akafika kwenye mitungi mitano myekundu. Palikuwa na kibao cha kukataza kugusa. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mmoja wao, akakaa hivyo muda mrefu, na mlinzi akageuka akatazama pengine. Walipokuwa wakitoka akamuuliza yule dada kama huko anakokaa mdogo wako udongo wote ni mwekundu vile.

"Basi?" Bibi akauliza.

"Basi," nikafasiri.

Lakini Bi Sachi alikuwa ameikunja barua kama mtu anayefunga kidonda. Mzee alikuwa ameuliza. Usiku uleule alimwandikia baba yake kuhusu udongo wa Bahla tu, rangi yake, unavyokauka, unavyofanya motoni, wala hakugusa jambo jingine. Mzee akajibu. Waliandikiana habari za udongo mpaka alipofariki, na ninavyojua mimi habari nyingine hawakuwahi kuandikiana.

Mwaka uliofuata mkataba wa mume ukaisha. Dada Neema naye alikuwa anarudi Korogwe, mtoto wake anaanza darasa la kwanza. Wakaja wote wawili kutuaga, alasiri, Bi Sachi amevaa gauni kwa mara ya kwanza. Bibi alikuwa ameandaa halwa na kahawa. Mimi nikajiweka katikati yao kwenye zulia, mahali pangu pa siku zote, nikasafisha koo.

Bi Sachi akanipita kwa macho, akamtazama Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuaga."

Bibi alishusha kikombe. "Wee! Kumbe unasema?"

"Kidogo kidogo. Neema ananifundisha."

"Kila siku, Bibi," Neema akasema huku akijizuia kucheka. "Tangu siku ile ya jikoni. Alisema hataki tena kukaa nyumba moja na mtu asiyeweza kumuuliza kitu."

Kumbe zile sauti nilizokuwa nikizisikia ng'ambo ya ukuta, mwaka mzima nikizionea wivu, zilikuwa ni masomo. Kiswahili chake kilikuwa cha Korogwe kabisa, kimepinda kidogo pale penye herufi L, na Bibi alikuwa akikinywa kama sharubati.

"Basi nikuulize mwenyewe," akasema Bibi, "maana huyu mtoto sijui alikuwa akifasiri nini miaka yote hii. Mle ndani ya mitungi, mna nini?"

Bi Sachi alifikiri. Alimgeukia Neema atafute neno, kisha akalipata mwenyewe. "Hewa. Hewa ya hapa. Ya Ghubra."

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Allah! Joto lote hili umewapelekea wazee wa watu!"

"Ndiyo, Bibi," akasema Bi Sachi. "Baba yangu, mikono yake ilikuwa na baridi sana."

Bibi akaacha kucheka. Akasogeza sinia ya kahawa pembeni, akaishika mikono ya Bi Sachi yote miwili ndani ya yake, akaanza kumwambia kitu kwa sauti ya chini, wala hakunitazama mimi nifasiri.